Gari la Kupelekea Posa

Uwanja wa magari ulijaa watu na honi, na mshonaji, ndani ya gauni la njano alilojishonea mwenyewe, alichoka kumfuata mumewe kila boneti ilipofunguliwa. Alipojitenga kidogo ndipo akaliona: gari la Kiingereza la miaka ya hamsini, milango minne, rangi ya maziwa, bampa linang'aa hadi unajiona, na kibao cha LINAUZWA kiooni. Aliyekuwa akilifuta ni Msasa, fundi wa rangi, mwanamume aliyempenda zamani hadi akakonda. Moyo ukamlipuka paa.

Walisalimiana kama majirani. Msasa akamtania kwamba ndoa imemkubali, amenawiri. Naye akamjibu kwamba ulimi wake haujazeeka. Kisha akauliza gari ni la nani.

"Langu. Nililikuta chuma chakavu. Zile Jumamosi zote nilikuwa nalo."

Jumamosi zile simu ilikuwa ikiita bila kupokelewa, halafu jioni Msasa anatokea ananukia sabuni ya maua. Mshonaji alijua fundi wa rangi hunukia thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Anayekuja ananukia maua ameogea kwa mwanamke. Hakuuliza. Alimwacha kwa simu, akalia hadi macho yakavimba, na posa ya kwanza iliyofika kwao akaikubali kwa hasira.

"Nilikuwa najisugua usinuse rangi," Msasa alisema. "Nilitaka baba yako asikie honi, atoke nje, anione nashuka humu nimekuja kukuposa. Fundi mikono mitupu, nani angempa binti?"

"Ungeniambia."

"Nilitaka kukushtukiza, mpenzi." Neno lilimponyoka, akainamisha macho.

"Ungekuja kwa miguu, viatu mkononi, ningekwambia ndiyo."

Hasira hasara, wahenga walisema, ila hasara yenyewe hawakusema inauma namna hii. Alimuuliza kwa nini basi analiuza.

"Gari lipo. Safari ndiyo haipo."

Mumewe akafika. Alikuwa mwalimu, mtu mpole asiyewahi kumpandishia sauti, na hilo nalo lilimuumiza. Alilizunguka gari akitabasamu, akafungua mlango, akapapasa kiti. Akasema lingependeza na gauni lile; mkewe akilipenda, wanaondoka nalo leo hii. Msasa alizifumbata funguo.

Mshonaji akajiona akipandishwa kila asubuhi na mwanamume mwingine kwenye kiti alichotandikiwa yeye. Alimpenda Msasa, hakuwahi kuacha. Na mume huyu hakuwa na kosa lolote.

"Silipendi, mume wangu," alisema, na uongo ule ukamkata maini.

Mwalimu akamwomba fundi radhi kwa kumpotezea muda.

"Si kitu, shemeji," Msasa alijibu. "We nitunzie tu dada yangu."