Aljebra ya Mama Valary

Kila jioni nyumbani kwa kina Valary, kule Kimulot, mambo yalikwenda hivi. Baba Hezekiah alikamua ng'ombe. Valary, msichana wa gredi ya nane, aliwasha moto na kubandika chai. Kisha Mama aliingia kutoka kazini, akavua buti za mvua mlangoni na kuuliza, "Simu iko na chaji?" Hapo amani ilikuwa imekwisha.

Simu ilikuwa ya kufanyia aljebra. Mama, jina lake Rebeccah, alikuwa karani wa banda la kupimia majani chai. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amesimama katika ile baridi inayoshuka kutoka msitu wa Mau, akitundika magunia ya wakulima kwenye mizani, akitoa uzito wa gunia, akiandika kilo za majani zilizobaki. Wikendi alisoma. Alisoma polepole mpaka akapata digrii, na sasa chuo kikuu kimoja kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya biashara, mjini Kericho. Sharti lilikuwa moja tu. Watu walioacha hesabu zamani walipaswa kwanza kupitia kozi ya matayarisho ya aljebra. Mazoezi yalifanywa kwa simu, kisha mtihani ungefanywa kwa karatasi. Ukianguka, huingii darasani mwaka huo.

"Mimi mtu mzima naulizwa x ni ngapi!" Mama alifoka. "Kwani x aliniaga akienda?"

Kila alipokosa jibu, simu ililia na kuonyesha msalaba mwekundu. Wee! Usingetaka kuwa karibu. Mama alirusha kalamu. Alimgombeza Baba kwa kuvuta kiti, akamgombeza Valary kwa kupumua kwa nguvu, akamgombeza paka ambaye hata hakuwa wa kwao. Chai ilipoa vikombeni kwa sababu hakuna aliyethubutu kunyanyua kikombe.

Kioo cha simu kilikuwa kimepasuka na herufi zilimuumiza Mama macho. Kwa hiyo kazi ya kusoma maswali na kubonyeza majibu ilikuwa ya Valary. Jioni moja Mama alikuwa akisonga ugali, na Valary akamsomea: "x toa tatu ni sawa na kumi na mbili. Tafuta x."

"Tisa!" Mama akajibu bila kugeuka.

Valary alijua si tisa. Walikuwa wamefundishwa shuleni muhula uliopita, na hesabu hakuiogopa. Alifungua mdomo aseme, akautazama mwiko mkononi mwa Mama, akaufunga. Akabonyeza kumi na tano. Simu ikaonyesha alama ya kijani.

"Ni sawa?"

"Ni sawa, Mama."

"Unaona! Leta lingine."

Usiku ule walikula vizuri. Baba alisimulia habari za sokoni Sotik na Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Valary akajiambia, kumbe ni rahisi hivi! Kesho yake akabadilisha majibu mawili. Wiki iliyofuata alikuwa anabadilisha karibu yote.

Nawaambieni, Valary hakuwa mtoto mbaya. Alitaka tu watu wale ugali bila kelele. Lakini alichokuwa akifanya kilikuwa uongo, na uongo hauwi kitu kingine kwa sababu umesemwa kwa sauti ya upole. Mtu alikuwa akijiandaa kwa mtihani, na mtoto wake mwenyewe alikuwa akimfichia makosa yake.

Mama naye alivimba kichwa. Aliwaambia wakulima bandani kwamba aljebra ameimaliza. Alimwambia jirani yao Chepchirchir, na Jumapili akasimama kanisani, akamshukuru Mungu mbele ya watu wote kwa kumfungua akili. Valary alitazama viatu vyake mpaka wimbo ukaanza.

Mtihani ulifika. Mama alivaa koti lake la kanisani, akaenda Kericho, akarudi akiimba. Siku tatu baadaye matokeo yakaja kwa ujumbe wa simu, wakati mvua ya mawe ilikuwa ikipiga mabati. Alikuwa amepata tano kwa ishirini. Kupita ilikuwa kumi.

Mama aliusoma ujumbe mara nyingi. Kisha akampigia mkufunzi wa kozi, Mwalimu Ogada, na akaweka sauti ya juu ili nyumba nzima iwe shahidi.

"Mwalimu, mimi ni Rebeccah wa Kimulot. Hiyo tano ni ya nani?"

"Ni yako, mama. Pole sana. Lakini Jumamosi kuna nafasi ya kurudia, na..."

"Pole ya nini? Kwa simu nilikuwa napata zote! Zote! Mmebadilisha karatasi yangu mkampa mtu wenu nafasi!"

"Mama, karatasi ninayo hapa. Mwandiko ni wako."

"Mwizi wewe! Kesho asubuhi niko kwa mkubwa wako na barua ya malalamiko. Utafutwa kazi, haki ya Mungu!"

Mwalimu Ogada hakupandisha sauti. Alijibu kwa uchovu. "Kulalamika ni haki yako. Lakini barua ikishaingia, karatasi yako inafungwa mpaka kamati ikae. Jumamosi hutaruhusiwa kurudia, na darasa linaanza Jumatatu. Mwaka huu utakuwa umekupita. Tafadhali fikiria."

"Nimeshafikiria! Valary, nitafutie karatasi niandike barua sasa hivi!"

Valary hakusogea. Miaka yote ile Mama aliyosoma akisinzia mezani ilikuwa inakwenda na maji, na mtu asiye na kosa alikuwa akiitwa mwizi.

"Mama, wacha!" akapiga kelele. "Mwalimu hajaiba! Ni mimi!"

"Ni wewe nini?"

"Nilikuwa nabadilisha majibu. Ukisema tisa, nabonyeza kumi na tano. Zile alama hazikuwa zako."

Kwenye simu, Mwalimu Ogada alikohoa. "Nadhani mna mazungumzo hapo nyumbani," akasema. "Jumamosi, saa tatu asubuhi." Akakata.

Mama aliweka simu mezani taratibu, na utaratibu huo ndio uliomtisha Valary zaidi.

"Umenivua nguo," akasema. Kisha sauti ikapanda. "Umenivua nguo mbele ya kanisa! Nilisimama pale nikamshukuru Mungu kwa uongo wako! Nimemtukana mtu wa watu! Nimekulea, nimekubeba mgongoni nikipima chai, na wewe unanichezea kama mtoto mdogo? Nilikukosea nini?"

Machozi yalimtoka Valary, lakini hayakuwa ya huzuni peke yake. Hasira nayo ilikuwa imemjaa.

"Ningekuambia vipi?" akalia. "Ukikosea, nyumba nzima inawaka! Unarusha vitu! Hata kupumua ni makosa! Nani atakuambia umekosea, Mama? Nani?"

"Valary!" Baba akasema kwa ukali. "Hivyo ndivyo mtu hujibu mama yake? Omba msamaha."

"Nisamehe, Mama."

Baba akamgeukia mkewe. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Mtoto amedanganya, na hilo ni lake. Lakini hilo lingine amesema kweli. Mimi mwenyewe nakuogopa. Kila jioni natoka kwenda kumwangalia ng'ombe, na ng'ombe hana shida yoyote."

Mama alimtazama Baba, akamtazama Valary, akavaa buti zake akatoka. Alisimama chini ya paa, akitazama mawe yakipiga vichipukizi vya chai. Aliporudi, uso ulikuwa bado umekunjamana.

"Leta karatasi," akasema. "Si ya barua. Andika lile swali la kwanza ulilonidanganya."

Valary akaandika: x − 3 = 12.

"Kumi na mbili, toa tatu, tisa," Mama akasema. "Kosa liko wapi?"

"Kwa nini unatoa, Mama?"

"Kwani hiyo alama si ya kutoa? Gunia linatolewa! Miaka kumi na moja natoa gunia. Umewahi kuona karani akimwongezea mkulima kilo?"

Valary aliinua kichwa. Wiki hizo zote alikuwa amesahihisha majibu bila kujiuliza kosa lenyewe lilitoka wapi. Lilikuwa limetoka bandani! Mama alipoona tu alama ya kutoa, mkono wake ulitoa, kama ulivyofanya kwa kila gunia tangu Valary akiwa mtoto wa kubebwa.

"Mama, hapa gunia limeshatolewa," akasema. "Karani mwingine amelitoa kabla wewe hujafika. Hiyo kumi na mbili ni majani matupu. Sasa wanakuuliza, yalipokuwa yamening'inia ndani ya gunia, mizani ilisoma ngapi?"

Mama aliivuta karatasi karibu. Mawe yalikuwa yamepungua juu ya mabati.

"Basi narudisha gunia," akasema polepole.

"Unarudisha."

"Kumi na tano." Akajaribu kwa vidole. "Kumi na tano, toa tatu... kumi na mbili. Aa! Lakini ni gunia gani hilo la kilo tatu?"

"La chuo kikuu, Mama."

Baba alicheka. Mama hakucheka. Alipiga meza, vikombe vikaruka.

"Ati hivyo tu? Nimetembea na kosa moja kichwani wiki zote hizi, na wewe ulilijua? Maneno haya ungeniambia kabla ugali haujaiva!"

Hiyo ilikuwa kweli tupu.

Jioni ile ile Mama alimpigia Mwalimu Ogada akamwomba radhi, wazi, bila kuzungusha maneno. Kisha akaweka sheria mpya. Majibu angebonyeza mwenyewe, macho yakiuma yaume. Valary angekaa kando, na kila kosa angelitaja kwa mdomo wake. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake, na haikuwa ndogo. Mara ya kwanza aliposema, "Mama, hapo umekosea," alisogeza kiti nyuma. Mama alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akauma meno, akapumua. "Wapi?" akauliza. Waliendelea hivyo kila siku mpaka Ijumaa. Misalaba myekundu ilikuja mingi, na hakuna kalamu iliyoruka.

Jumamosi Mama alirudia mtihani. Jumapili, wakitoka kanisani, ujumbe ukaingia. Alikuwa amepata kumi na tatu kwa ishirini, na nafasi yake darasani ilikuwa salama.

Baba alitaka kupiga kelele za furaha, lakini Mama alimvuta Valary kando ya njia, kwenye shamba la chai la Chepchirchir, akamshika mabega.

"Sikiza," akasema. "Nilikukasirikia na bado nina hasira kidogo, nisikufiche. Ulidhani unanisaidia. Mtu akikuficha kosa lako hajakusaidia, amekuacha uende nalo mpaka likuaibishe mbele ya watu. Mtu akikosea, mwambie, hata akikukasirikia. Na mimi nilifanya mtoto wangu aogope kuniambia ukweli. Hilo ni langu, na nitalirekebisha. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama. Kongoi."

"Usinishukuru bado." Mama alifungua mkoba, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka na kalamu. "Kumi na tatu kwa ishirini. Hizo saba nimekosa wapi? Tukifika nyumbani, unakaa na mimi mezani. Na ukinificha hata moja, utanijua!"