Ua la Bahari Lililotaka Nyumba

Samaki walikataa kuingia kwao. Mambo yalianza hivyo tu, huko mtaa wa Satellite, na kama ungekuwa wewe ungesema hao ni samaki, wana mambo yao, ukaendelea na chai yako. Lazarus naye alisema hivyohivyo. Akanywa chai. Chai ilikuwa na chumvi.

"Mama Jacky," akaita, "leo umeniwekea nini kwa chai?"

"Sukari," mkewe Valarie akajibu kutoka jikoni. "Kama hutaki, maji iko."

Maji nayo yalikuwa na chumvi.

Lazarus alikuwa mchoma nyama pale Kenyatta Market, mtu wa tumbo na sauti, anayewatukana wateja mpaka wanaongeza nusu kilo ili awatukane zaidi. Nyumba ya Satellite aliijenga chumba baada ya chumba, kwa mbavu za mbuzi, na alipenda kumwonyesha mgeni: "Hii sebule ni Krismasi ya mwaka ule. Hiki choo ni Pasaka." Ndani ya sebule hiyo ya Krismasi ndimo lilimokaa tangi la samaki, refu kama jeneza la mtu mfupi, lenye maji ya chumvi, taa ya buluu na pampu iliyonguruma kama paka aliyeshiba.

Tangi lilitoka Kilimani, kwenye ofisi ambako Valarie alikuwa mpokea wageni. Wafanyakazi wa ofisi ile walikuwa wameacha kazi mmoja baada ya mwingine, na ukimuuliza mtu kwa nini, alikuwa anaangalia viatu vyake. Siku ya kufunga, mkubwa wao alimwambia Valarie achukue tangi bure, na alilisema hilo akiwa amesimama nje ya mlango. Hapo ndipo mtu mwenye akili angeshtuka. Lakini Lazarus akisikia neno bure, akili yake hutoka kidogo kupunga upepo.

Ndugu zake kutoka nyumbani walipokuja kuona walicheka mpaka wakashika ukuta. "Jaluo anafuga samaki? Na hawa wataiva lini?"

Walikuwa wawili, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, wale ambao wauzaji huwaita klauni. Jike ndiye mkubwa, na ndiye anayetawala. Lazarus akamwita Madam. Dume ni mdogo na humfuata nyuma kila aendako. Huyo akamwita Karani. Kwao palikuwa ndani ya anemoni, kitu chenye nyama laini kilichokalia jiwe kama ua, na vidole vingi vyenye ncha za zambarau vikiyumbayumba ndani ya maji. Watu wa nyumba ile walikiita ua, yakaisha. Vidole vile huchoma samaki mwingine yeyote mpaka afe, lakini Madam na Karani walilala humo kama watoto katika blanketi.

Walipofika Satellite ilibidi wazoeane upya na ua lao, na Lazarus alikaa kwenye kochi akawatazama. Madam aligusa kwa mkia, akaruka nyuma. Akagusa kwa tumbo, akaruka. Akarudi. Siku chache baadaye alikuwa anajiviringisha ndani, na ua halimuoni kuwa mgeni tena.

"Huyu amefunzwa na Muigai!" Lazarus alicheka siku hiyo. Muigai ndiye mzee aliyemwonyesha kazi ya jiko akiwa kijana, jinsi ya kugeuza mbavu kwa mkono mtupu juu ya kaa la moto. "Gusa, acha," Muigai alikuwa akimwambia. "Gusa, acha. Utafika wakati moto haukuulizi tena wewe ni nani."

Sasa basi, asubuhi ile ya chai ya chumvi, Madam na Karani walikuwa wamejibanza juu kabisa ya tangi, kwenye kona, kama watu waliorudi nyumbani wakakuta mlango uko wazi na taa inawaka. Na ua lilikuwa limehama. Liliacha jiwe lake, likajibandika kwenye kioo, likielekea mlango wa chumba cha kulala.

"Maua haya hutembea," Lazarus akajiambia, na ni kweli hutembea, polepole, kwa kisigino. Lakini alisema kwa sauti ya chini, na Lazarus hakuwa mtu wa sauti ya chini.

Jioni moja stima ilipotea mtaa mzima. Redio za majirani zikanyamaza, friji ikakohoa ikafa. Katika giza lile mume na mke wakasikia kitu kinaendelea kunguruma, taratibu, kwa raha zake.

Valarie akanong'ona, "Baba Jacky. Hiyo pampu inatumia stima ya nani?"

Lazarus akapapasa ukutani mpaka kwenye soketi. Waya ulikuwa umechomolewa, umelala sakafuni, na ulikuwa umelowa.

Ikaanza harufu. Unajua harufu ya ufuo maji yakishatoka, ya mwani na kaa waliokufa, na hapa ni Satellite, ambako harufu kubwa ni ya mtaro na mandazi? Harufu ile ilitoka kwenye sinki, ikatoka kwenye kabati la nguo, ikatoka ndani ya Biblia ya Valarie alipoifungua. Asubuhi iliyofuata sakafu ilikuwa na mstari wa maji kutoka tangini mpaka kando ya kitanda, upande wa Valarie, na begani mwake palikuwa na alama nyekundu, nyembamba, zimepangana kama vidole vingi, zinawasha kuliko upupu.

"Imeniongelesha," Valarie akasema. Alikuwa anafunga begi. "Imeniongelesha kwa sikio, Lazarus. Ati, 'Tafadhali bibi, naomba mnipishe. Nimechoka na chombo, nataka nyumba.' Kiswahili safi! Cha kupata A!"

"Ulijibu nini?"

"Nilijibu nini? Nilikojoa!" Akavuta zipu. "Naenda kwa dada yangu Peres huko Ngong. Hiyo kitu ikitoka, nipigie. Ikikushinda, tunauza."

"Tuuze nyumba niliyojenga kwa mbavu za mbuzi?"

"Tunauza na mbavu."

Lazarus alibaki mlangoni akimwangalia mtoto wa watu akienda na begi lake, na ndipo hofu ikageuka hasira. Kumtisha yeye, sawa, hata wateja walevi humtisha. Lakini kumtoa Valarie kwake? Akachukua mwiko wa ugali, akalibandua lile ua kutoka kwenye kioo, likalia kama mpira unaokwaruzwa, akalitia kwenye ndoo, akatembea nalo hadi mtoni, akalimwaga pamoja na ndoo na mwiko. Alirudi akipiga mluzi. Akafungua mlango.

Ua lilikuwa kwenye kioo. Limenenepa. Mwiko ulikuwa mezani, umeoshwa.

"Kumbe umetangulia," Lazarus akasema, na mluzi ukamkauka mdomoni.

Mchungaji Norman akaitwa. Alikuja na suti ya kijivu na chupa ya mafuta, akakemea mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akaamuru pepo la majini litoke kwa jina moja baada ya jingine, na mwisho akakunja mkono wa suti, akauzamisha mkono wa kuume ndani ya tangi ili alipake mafuta ua lenyewe. Ukelele wake ulisikika hadi steji ya matatu. Mkono ulipotoka ulikuwa umevimba kama chapati iliyopigwa hewa.

"Mzee Lazarus," Mchungaji akasema akiwa tayari kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni na kingine kimebaki ndani, "hii si ya dhehebu letu. Hama."

"Nihame?"

"Hama, ndugu yangu!"

Lazarus akafunga mlango. Nyuma yake, kutoka ndani ya maji, sauti yenye adabu ikasema, "Mchungaji amekushauri vyema."

Akageuka. Madam na Karani walikuwa kwenye kona yao, wanahema, vidoa vya chungwa vyenye uhai katika buluu yote ile, na Madam alikuwa anamtazama. Hakuhama, yule samaki. Hakuwa na pa kwenda, lakini pia hakufa kwa hofu. Na kila mara alishuka kidogo, akagusa ua kwa ncha ya mkia, akachomwa, akaruka, akapanda. Kisha akashuka tena.

"Ala," Lazarus akasema. "Kumbe wewe hujaacha kazi."

Jumatatu mchana, siku ambayo jiko lake hupumzika, aliweka stuli mbele ya tangi, akavaa eproni yake yenye madoa ya mafuta, akakunja mkono wa shati hadi begani. Nje mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati, na sebule ilikuwa nyeusi.

"Haya, bwana mkubwa," akasema. "Tuingie kazini."

Akagusa kwa kidole. Moto gani huo! Akatoa, akatukana kwa Kijaluo, akapuliza kidole. Akagusa tena, akaacha. Akagusa kwa vidole viwili, akaacha, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Utakufa," ile sauti ikamwambia.

"Mimi ni Lazarus. Hiyo nilishapitia."

Hapo lile jini la ndani ya ua likakasirika. Maji yakafurika ukingoni bila kupungua ndani, yakashuka kwenye meza, yakajaa sakafuni, yakamfika kwenye vifundo vya miguu, yakiwa baridi kama maji ambayo jua halijawahi kuyaona, na vidole vya ua vikarefuka vikampanda mkono, kimoja kwenye kiganja, kingine kwenye kiwiko, vikimshona ngozi kwa sindano za moto, na sauti ikabadilika ikawa ya mama yake aliyemzika, inamwita kwa jina la utotoni, inamwambia njoo mwanangu, acha nyumba, nyumba ni matofali tu, na nyuma ya sauti hiyo zilikuwapo nyingine, za wale wa Kilimani pengine, za waliokuwa na tangi hili kabla yao, zote zinanong'ona pamoja pisha, pisha, pisha, na Lazarus, mtu mzima, mwenye mtoto chuoni, akalia kwa sauti kama ndama, akaomba Mungu, akaomba Muigai, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa tangu azaliwe, lakini kila alipoutoa mkono aliurudisha, gusa, acha, gusa, acha, mpaka hakujua tena mkono unaishia wapi na ua linaanzia wapi.

Halafu maumivu yakawa mwasho. Mwasho ukawa joto. Joto likawa si kitu.

Mvua ilikatika. Mkono wake ulikuwa ndani ya ua hadi kiwikoni, umepakwa utelezi mwembamba unaong'aa, na vidole vya zambarau vilikuwa vinayumba kuuzunguka bila haraka. Kisha ile sauti ikauliza, na kwa mara ya kwanza ilikuwa na wasiwasi:

"Wewe ni nani?"

"Mwenye nyumba," Lazarus akasema.

Jini likanyamaza, kama mtu anayejitafuta katika kioo akaona uso wa mwingine. Maji yakarudi tangini. Na Madam akateremka kutoka kwenye kona yake, Karani nyuma, wakajiviringisha ndani ya ua, kando ya mkono wa mchoma nyama.

Akampigia Valarie. "Imetulia."

"Imetoka?"

"Nimesema imetulia."

Valarie alikuja mwisho wa juma, na alimleta Mchungaji Norman awe shahidi, mkono wa kuume umefungwa bendeji. Alionja maji. Yalikuwa maji tu. Alinusa kabati. Nguo tu. Akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu Ngong.

"Bwana asifiwe!" Mchungaji akanyoosha mkono wa kushoto uliobaki mzima. "Mzee Lazarus, wewe ni shujaa!"

Lazarus, kwa furaha, akaushika.

Ukelele ukafika stejini tena. Mchungaji aliondoka na mikono miwili iliyovimba na viatu vyote viwili mikononi, na sijui Jumapili ile alishika Biblia kwa mkono upi.

Valarie alikuwa ameziona zile alama kwenye mkono wa Mchungaji, nyekundu, nyembamba, zimepangana. Aliziona kwanza begani mwake mwenyewe. Lazarus alikuwa ameficha mkono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba nyama.

"Ni ya kudumu?" Valarie akauliza.

"Sijui, Mama Jacky. Nilikuwa naizoea mimi. Sikujua nayo inanizoea." Akajaribu kucheka. "Nitalala kwa kochi. Ama urudi kwa Peres, kama ni..."

Valarie alitazama begi lake mlangoni. Akatazama tangi, na yule samaki jeuri, Madam, anayejigaragaza ndani ya kitu kinachoua wengine. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mumewe, akavua saa, akakunja mkono wa blauzi.

"Leta hiyo mkono."

"Itakuchoma."

"Nimeishi na wewe miaka hii yote, nini haijanichoma? Leta!"

Lazarus akauleta, akauweka mezani. Valarie akagusa kwa kidole kimoja.

"Uwi, mama yangu!"

"Acha!"

"Si nimeacha! Huoni nimeacha?" Akapuliza kidole, machozi yamemjaa. Akagusa tena, akatukana. Akaacha. Akagusa.

Pampu ilikuwa inanguruma. Kutoka ndani ya maji, kwa adabu, kwa woga kidogo, sauti ikauliza:

"Na huyu naye ni nani?"

Lazarus akafungua mdomo. Valarie akamtangulia, bila hata kugeuza kichwa.

"Mimi ndiye mwenye nyumba," akasema. "Huyu ni bwana yangu tu."

Akarudisha kidole, na safari hii hakukitoa.