Shoka Lililonyweshwa Maji

Jamani, sogeeni karibu. Na mwenye kuuza kiti kinachotikisika akae mbele kabisa, maana habari hii ni yake.

Mtaani kwetu kuna seremala tuliyembandika jina la Hakina Neno. Ukimlalamikia kiti kinachechemea, anakipigapiga mgongoni kama mtoto mwenye kikohozi na kusema, "Hakina neno."

Asubuhi moja alikuwa ametulia karakanani, randa yake ikiimba, mkewe akichambua maharage mlangoni, binti yao akifagia maranda na kumtania kwamba nusu ya mvi zake ni vumbi la mbao. Ndipo akaingia dada mmoja, mtafuta vifaa vya filamu. Walikuwa wanaigiza maisha ya enzi za mababu, na kazi yake ni kusaka zana za kale.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia una shoka la marehemu babu yako."

"Marahaba, mwanangu. Lipo, na mpini wake ule ule."

Dada akaupapasa mpini, mweusi kwa jasho la viganja vilivyokwisha kuzikwa. Macho yakamng'aa. "Usibadilishe kitu! Uzee huu ndio tunaoutaka. Ila lipasue kuni kweli. Nalifuata kesho."

Tatizo, chuma kilikuwa kinacheza kama jino la mtoto.

"Baba watoto, si ulitie mpini mpya?" mkewe akasema.

"Uje ung'ae kama meno ya bandia? Watalikataa."

Akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Mti mkavu ukinywa maji huvimba. Kesho yake chuma kilikuwa kimekaza ndi! "Hakina neno," akamwambia dada wa vifaa. Hakumwambia kwamba mti ukikauka husinyaa tena, na chuma kinarudia mchezo wake.

Dada akamtazama binti. "Na huyu sura yake ya kizamani! Tunataka msichana wa kuokota kuni tu. Tumwazime?"

"Ya kizamani wewe!" binti akacheka, akaondoka naye, shoka begani.

Mchana mkewe akaja na habari. "Mwanao alipiga simu. Kakaa mbele ya mkata kuni, na taa zao zina joto kama tanuri. Poda yote inamchuruzika."

Randa ikamdondoka seremala. Taa. Joto. Mpini.

"Mpigie!"

"Wamezima simu, wanapiga picha. Baba watoto, una nini?"

Seremala alikimbia na kandambili moja. Chekeni, lakini mnyamaze upesi, maana kila hatua aliyopiga aliisikia kama shoka linalotua kwenye kitu laini.

Getini mlinzi akamzuia. "Wanapiga picha, mzee."

"Nime... nimesahau kitu changu ndani."

"Kisubiri."

Mnaona? Hata pale bado anaficha! Ndani pakasikika pah! Gogo la kwanza. Pah! La pili. Akalishika geti, na ukweli ukamtoka kwa mayowe:

"Shoka bovu! Nilililoweka! Litamuua mwanangu!"

Mlinzi mwenyewe ndiye aliyetangulia kukimbia.

Binti alikuwa amepiga magoti, ameinamia kuni. Shoka lilikuwa tayari linashuka.

"Mwanangu!"

Binti aligeukia sauti ya baba yake, na kugeuka huko ndiko kulikomwokoa. Mwigizaji alizuia mikono, chuma hakikuzuilika. Kilichomoka, kikapasua kitambaa kichwani mwa binti na kujichimbia kwenye ubao nyuma yake.

Binti akajipapasa kichwa, akaangalia vidole vyake kama vina damu. Havikuwa nayo.

"Baba, ulikuwa unajua?"

Mdomo wa seremala ulifunguka, lakini lile neno lake la siku zote halikutoka.

Siku hizi anazunguka mtaani kukusanya vitu alivyouza na kasoro zake, avitengeneze. Lakini nyumbani, akimsogezea binti yake kiti, binti hukitikisa kwanza ndipo akae. Baba huangalia pembeni.

MAFUNZO

Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndugu zangu mafundi na wauzaji, kasoro unayomfichia mteja haijui nani mgeni na nani mwanao. Sema tu, "Kinacheza, hiki." Mteja anaweza kukuacha na shoka lako, lakini jioni utakula na wanao, na hakuna atakayekitikisa kiti ulichompa.