Moto Uliosubiri Amri

Mniwie radhi, hadithi hii nitaiharibu. Nina ugonjwa wa kuchekesha hata msibani. Mkicheka mahali pa kuogopa, kosa ni langu; mkiogopa mahali pa kucheka, fungeni mlango.

Shimba alikuwa sajenti. Alirudi kutoka vita vya Kagera na viatu vinavyong'aa kuliko kipara cha paroko, na miaka mingi baadaye akaajiriwa zimamoto katika kiwanda kimoja cha Mwanza, miaka ile viwanda vikiuzwa kama mitumba. Mwekezaji alipofika, pampu ya maji ilishakufa. Shimba akaomba nyingine. Akaomba tena. Akaomba mpaka aibu ikamwona yeye.

"Shimba yupo," meneja akacheka. "Pampu ya nini?"

Maana Shimba alikuwa na kitu chake, alichorudi nacho vitani na hakukieleza hata kwa mkewe. Akiukemea moto kwa sauti ya gwaride, unatii. "Moto! Mguu sawa! Subiri amri!" Unajikunja, unazimika. Basi kila kilichowaka mjini, aitwe Shimba!

Jioni moja mkewe, Odeta, alimtuma mkaa. Akirudi nao, mtaa wa Kiseke, akakuta banda la Bernadeta, fundi cherehani, linawaka na mwenyewe yumo ndani. Akatupa mfuko chini, akapiga amri. Moto ukatii. Bernadeta akatoka anakohoa, hai. Shimba akaokota mkaa wake, akaenda zake nyumbani Pasiansi, jirani na ziwa, akisonya.

"Pampu moja tu. Moja!"

Nyumbani, mkaa ukagoma. Odeta akawasha kiberiti. Kikazima. Akawasha kingine. Kikazima.

"Baba Rose," akanong'ona, "huo moto wote unaouambia usubiri... unasubiria wapi?"

Shimba akafungua mdomo. Harufu ikamwahi.

Mbao. Nailoni ya mitumba. Dagaa. Kila moto aliowahi kuuzima, aliujua kwa harufu yake.

Kisha, uani... kwa! kwa! kwa!

Vishindo vya gwaride.

Akachungulia. Ndimi za moto, fupi, za bluu, zimejipanga safu tatu, tuli. Ule wa mwisho ulinuka mafuta ya cherehani.

"Afande..." Sauti kavu, kama kuni inayopasuka. "Tumechoka kusubiri."

Bati la nyumba likaanza kulia kwa joto. Chumbani, binti yao Rose alikuwa amelala.

"Waambie watawanyike!" Odeta akasihi.

"Wakitawanyika, Mwanza nzima majivu."

Jeshini alifundishwa hivi: askari uliyemweka lindoni hatoki mpaka umtoe wewe mwenyewe. Akavaa vile viatu. Akafunga kamba taratibu, hasira zimemjaa mpaka kwenye kope.

"Hata leo," akasema, "bila pampu."

Akatoka, akasimama mbele ya safu, uso ziwani.

"Mbele... tembea!"

Kwa! Kwa! Kwa! Mpaka ufukweni. Mpaka majini. Ziwa likachemka.

Ssssss...

Hakuna aliyesikia "simama".

Asubuhi wavuvi waliokota samaki aina ya furu, wameiva. Mchangani palikuwa na jozi ya viatu, vinang'aa, vimesimama mguu sawa, bado vya moto. Meneja alinunua pampu wiki ileile.

Odeta alituomba sisi majirani jambo moja tu: jina la mumewe lisitajwe jua likishazama. Moto wowote ukilisikia hujipanga kusubiri amri, na wa kuitoa hayupo.

Kwa hiyo jiko lako likigoma kuwaka jioni hii, na uani ukasikia vishindo, usimtukane muuza mkaa. Nitukane mimi, mropokaji, niliyekutajia Shimba tangu mwanzo mpaka mwisho, halafu ndiyo kwanza nakwambia.