Kuangalia Ruksa, Kugusa Marufuku

"Usiguse!"

Sauti ya Optatus ilitoka kali kuliko alivyokusudia. Mkono wa Yudith ukabaki hewani, juu ya meza ndefu iliyojaza sebule ya nyumba aliyopanga Optatus pale Ihumwa.

"Samahani mpenzi," akaongeza upesi. "Rangi haijakauka."

Yudith akavuta pumzi puani, taratibu.

"Rangi mbichi ina harufu, Opta. Hapa nasikia gundi, na maharage yako yaliyoungua. Rangi ilishakauka zamani."

Yudith haoni tangu utotoni, surua ndiyo iliyomchukulia macho, na sasa ni mwalimu wa watoto wasioona kule Buigiri. Kumdanganya mtu kama huyo habari za rangi ni kujitafutia aibu mchana kweupe.

"Basi nikwambie ukweli," akasema. "Zile kamba za pembeni, za abiria kushikia, nimezisuka kwa uzi wa kushonea. Ukizigusa tu zinakatika. Nitakuruhusu, lakini siyo leo. Bado kidogo."

"Mwezi uliopita ulisema bado kidogo."

"Vumbi la Dodoma unalijua mwenyewe. Napaka rangi asubuhi, upepo unakuja kunimwagia mchanga, naanza upya."

"Kwa hiyo upepo unagusa. Mimi ndiyo siruhusiwi."

Akachukua fimbo yake nyeupe na mkoba.

"Nikusindikize kituoni?"

"Njia naijua."

Sasa niwaambie kilichokuwa mezani, maana hasira ya Yudith haikuwa ya uzi wa kushonea. Ulikuwa ni mfano wa meli ya mvuke iitwayo Kungwe, iliyokuwa ikibeba watu na mizigo Ziwa Tanganyika miaka ya nyuma. Optatus ni Mfipa wa Sumbawanga, mchoraji wa ramani za majengo wizarani, huko Mtumba. Aliipata michoro ya zamani ya meli hiyo akaanza kuiunda upya kwa vipimo, sentimita mbili mezani kwa kila mita moja ya meli ya kweli. Hakununua kipande hata kimoja kilichotengenezwa tayari. Mwili aliuchonga kwa vipande vya mninga, dohani la kutolea moshi akalikunja kwa bati la kopo la maziwa, nanga akaifua kwa msumari. Watu walimcheka: ziwa liko wapi Dodoma? Yeye akaendelea kupiga msasa.

Na yote hayo aliyaanza kwa ajili ya Yudith. Marehemu mzee Mazengo, baba yake, alikuwa Mgogo aliyeacha ng'ombe akaenda kuwa mchochea moto ndani ya Kungwe. Aliporudi alimsimulia binti yake meli hiyo mpaka akazeeka. Lakini maneno ni maneno. Yudith hakuwahi kujua meli ina umbo gani. Siku alipomwambia Optatus hivyo, kijana alimshika mikono yote miwili akamwambia: "Nitakutengenezea meli ya baba yako, uishike."

Uishike. Ndilo neno alilolitumia.

* * *

Jumatatu, wakati wa mapumziko ya chai, Yudith alikaa na mwalimu mwenzake Frida kwenye benchi la nje. Simu yake, ile inayosoma maandishi kwa sauti, ikaanza kusoma kwa sauti yake kavu isiyojua furaha wala huzuni:

"Optatus ameweka picha. Hatimaye Kungwe imekamilika. Kuangalia ruksa, kugusa marufuku. Alama ya kicheko. Alama ya kicheko."

Frida akaacha kutafuna kitumbua.

"Picha ikoje?" Yudith akauliza.

"Achana nayo, mwalimu."

"Frida. Ikoje?"

"Ni nzuri. Amesimama pembeni yake anatabasamu. Mkono ameuweka juu ya dohani."

"Soma waliyoandika watu."

"Wanamsifia tu. Huyu wa wizarani anasema: hongera, sanduku la kioo linakuja, mapokezi patapendeza."

Yudith akapiga simu hapohapo.

"Opta, sanduku la kioo la nini?"

"Aa, nilitaka nikwambie Jumapili nikija! Bosi ameipenda sana meli, Yudi. Anataka ikae mapokezi. Na kutakuwa na kibao chenye jina la mzee Mazengo. Kwa maandishi ya dhahabu."

"Maandishi ya kuchongwa au ya kupaka?"

"Ya kupaka. Kwa nini?"

"Nitayasomaje?"

Upande wa pili kalamu ikawekwa mezani.

"Kila mtu atakayeingia wizarani ataiona meli ya baba yangu," Yudith akasema. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo mwanaume mwenye akili huogopa. "Askari wa getini ataiona. Wageni wataiona. Mimi nitasimama pale niguse kioo. Hivi wewe, Opta, uliponiahidi, ulikuwa unamwona nani?"

"Yudi, nisikilize..."

Simu ikakatwa. Baada ya muda mfupi ujumbe wa Yudith ukaingia kwa Optatus:

*Mwambie mzee Batholomeo Jumapili asije kwetu. Siwezi kuolewa na mtu anayeiogopa mikono yangu.*

Mzee Batholomeo, jirani wa Optatus, ndiye aliyekuwa mshenga. Optatus alimpigia jioni hiyo akiwa ameketi mbele ya meli yake, na kwa mara ya kwanza hakutamani kuitazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jumapili tunaondoka saa ngapi? Suti imeshapigwa pasi."

"Safari haipo, mzee. Yudith amekataa."

"Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Nilimkataza kugusa meli."

"Meli gani? Ile uliyomtengenezea yeye?"

"Ndiyo."

"Ya baba yake?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee Batholomeo akakohoa.

"Kijana wangu, hapo sina msaada. Hata nikivaa suti mbili."

* * *

Jumapili ile ambayo mshenga hakwenda, Optatus alikwenda mwenyewe. Alikodi bajaji, akaipakata Kungwe mapajani kutoka Ihumwa mpaka Buigiri, dereva akiambiwa kila baada ya muda: "Polepole kaka, kuna shimo." Mama yake Yudith, mama Emiliana, alimkuta mlangoni, jasho linamtoka, meli mikononi.

"Mbukwenyi, mama," akamsalimu kwa Kigogo chake cha kuunga.

"Mbukwa," mama akaitikia bila kucheka. "Nilisikia hamji."

"Mshenga haji, mama. Mimi nimeleta mali ya Yudith."

Akaingia, akaiweka meli mezani. Yudith alikuwa amekaa kwenye kiti, amegeuza uso dirishani.

"Yudi. Naomba mkono wako."

"Rangi imekauka?"

"Imekauka. Shika."

Yudith akageuka. Alisogea, akaipata ncha ya mbele ya meli, akaanza kwenda nyuma polepole, vidole vyote kumi. Pale kwenye kamba za pembeni ikasikika *ti!* ndogo. Kisha nyingine.

"Imekatika," akasema.

"Endelea."

"Nyingine hiyo."

"Endelea, Yudi. Zikatike zote."

Aliendelea. Akalizunguka dohani, akatabasamu kidogo kwa mara ya kwanza. Akaigusa nanga, boti ndogo za uokozi, paa la chumba cha nahodha. Optatus akaanza kupumua. Halafu vidole vikaanza kurudi vilikotoka, vikapita mahali pamoja tena na tena, vikitafuta.

"Mlango wa kushukia chini uko wapi?"

Optatus akausogeza mkono wa Yudith hadi mahali penyewe.

"Upo hapo. Nimeuchora."

"Umeuchora?"

"Kwa rangi. Na madirisha nayo nimeyachora."

"Na huko chini? Kwenye boila, palipokuwa na moto?"

Angeweza kudanganya. Namshukuru Mungu hakudanganya.

"Hakuna kitu, Yudi. Ndani ni tupu. Niliona nikishafunika kwa sitaha, hii sakafu ya juu, hakuna atakayeona, nikaziba."

Yudith akaiondoa mikono yake yote, akaiweka mapajani. Machozi yakamtoka wala hakuyafuta.

"Baba yangu hakuwahi kusimama huku juu," akasema. "Huku walisimama abiria. Yeye alikuwa chini, kwenye moto, safari nzima. Watu wakishuka bandarini hawakujua hata kama yupo. Na wewe umeziba juu yake."

Jamani, Optatus alijiona mdogo. Kazi yote ile, msasa wote ule, na mzee Mazengo hakuwemo. Mwishowe akamgeukia mama Emiliana.

"Mama, una msumeno?"

"Kuna wa marehemu, wa chuma. Wa nini?"

"Naomba."

Mama akauleta. Optatus akaushika kwa mikono miwili, akaweka meno yake juu ya sitaha, ile aliyoipanga ubao kwa ubao kwa koleo la nyusi, nayo iling'aa vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza. Akaanza kukata. Yudith aliposikia sauti ile akashtuka.

"Unafanya nini?"

"Nafungua."

"Opta, utaiharibu!"

"Imeshaharibika, mpenzi. Ilikuwa haijaonekana tu."

Alipomaliza aliupuliza unga wa mbao, akauchukua mkono wa Yudith, akauingiza kwenye shimo.

"Chumba ni hiki. Mimi sikijui. Niambie kilikuwaje."

Yudith akaupapasa ule utupu kwa vidole. Kisha akavuta kiti karibu.

"Baba alisema moto ulikuwa mbele yake na kuni mgongoni," akaanza. "Juu kulikuwa na bomba. Ukijisahau ukasimama wima, linakuchoma kichwa."

"Bomba lilipita wapi? Katikati au pembeni?"

"Nipe kidole chako nikuonyeshe."

* * *

Sanduku la kioo la wizarani likaishia kuwekwa kikombe cha mpira wa miguu. Optatus alimwendea bosi wake akamweleza kwamba ile meli ina mwenyewe. Bosi alinuna siku mbili tatu, akasahau.

Msimamo wa Yudith juu ya mshenga haukubadilika. Ila kila Jumamosi alikuja Ihumwa, nao wakakaa meza moja. Yudith alikuwa msumbufu kwenye kazi hiyo, acha kabisa.

"Mlango wa tanuri haufunguki."

"Yudi, huo una ukubwa wa ukucha!"

"Baba aliufungua kutwa nzima. Huu haufunguki."

Optatus akautoa, akautengenezea bawaba kwa pini. Milango na madirisha yaliyochorwa akayatoboa yote. Kamba za uzi akazitupa, akaweka waya wa shaba wa kushikika. Na kuna kitu kilimtokea humo katikati ambacho hakukitegemea: alianza kufanya kazi akiwa amefumba macho, akipima kwa kidole, na hapo ndipo alipogundua ni mahali pangapi alikuwa amelipua kazi. Meli haikuwa nzuri tena pichani. Lakini ilikuwa ya kweli.

Siku chumba cha boila kilipokamilika waliipeleka Buigiri, wakaiweka mezani kwa mama Emiliana. Yudith akaingiza vidole viwili kupitia mlango. Akapita kwenye kuni, akalipata bomba, akafungua mlango wa tanuri na kuufunga.

"Mtu yuko wapi?" akauliza.

"Sijamtengeneza," Optatus akajibu. "Sikumjua mzee. Nikimtengeneza mimi atakuwa mtu yeyote tu, na hapo sipaswi kuweka mtu yeyote tu."

Yudith akavitoa vidole vyake. Halafu akaomba udongo wa mfinyanzi, ule anaofundishia darasani. Akachukua tonge dogo, akaanza kulifinyanga, kichwa ameinamisha upande. Wakati akiwa mdogo alikuwa akienda shule ameshika kiuno cha baba yake. Mabega yale, mgongo ule, namna mguu mmoja ulivyotangulia mwingine, vyote mikono yake ilivijua. Optatus hakupima, hakusahihisha.

Alipomaliza alimweka yule mtu mdogo kwenye kiganja, akakinyoosha mbele.

"Mama, yuko sawa?"

Mama Emiliana alikuwa ametoka jikoni, mikono ina unga wa uwele. Akainama atazame. Akabaki ameinama. Mkono wa unga ukapanda mdomoni.

"Mama?"

"Mgongo wake," mama akasema kwa shida. "Hata nyumbani alikuwa hanyooki, mwanangu. Nilikuwa namwambia, Mazengo, hapa hakuna bomba, simama. Anacheka. Hanyooki."

Akakaa kwenye kiti, akalia kilio kidogo cha taratibu. Yudith naye akalia. Optatus akachukua kibanio chake, akamshusha mzee Mazengo chini ya bomba, mbele ya moto, akamgandisha hapo kwa tone la gundi.

Mama alipojifuta uso alimtazama kijana huyo kwa muda.

"Wewe baba," akamwambia, "mshenga wako ni mgonjwa?"

"Mzima, mama. Alikatazwa."

"Na nani?"

Yudith alikuwa ameshatoa simu yake kwenye mkoba, anaiambia imtafutie namba. Ikaita.

"Shikamoo mzee Batholomeo. Ni Yudith, wa Buigiri. Sijambo. Ndiyo, mama ni mzima. Mzee, Jumapili tunakusubiri nyumbani. Ndiyo, hii Jumapili. Karibu sana."

Akakata simu, akairudisha mkobani. Optatus alikuwa bado ameinama juu ya meli, haamini.

"Yudi," akasema. "Kwa hiyo ni ndiyo?"

"Nimesema aje," Yudith akamjibu. "Ndiyo nitaisema mbele ya watu. Sasa lete mkono."

Akampa.