K@TONGO au Katongo

Kila Jumatano baada ya masomo, Rachida hubaki shuleni na wenzake wa kikundi cha kompyuta. Mwalimu wao, Madame Edith, huwafundisha kuandika kurasa za ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuisahihisha. Mwezi ule walikuwa wakiandika juu ya wasanii wa Lubumbashi.

Ugomvi ulianza kwa herufi moja. Kulikuwa na rapa maarufu aliyeficha uso kwa kinyago, na kwenye matangazo yake jina liliandikwa K@TONGO.

"Tuandike vile yeye mwenyewe anaandika," alisema Merdi. "Ni jina yake."

"Hapana," Rachida akajibu. "Ile alama ni pambo tu. Jina ni Katongo, kama akina Katongo wengine wote."

"Tafuteni kwanza magazeti yanaliandika namna gani," Madame Edith aliwakatiza. "Bila chanzo, hatugusi kitu."

Rachida hakupenda kusubiri, na zaidi hakupenda kushindwa na Merdi. Alipofika nyumbani kwao Katuba, alichukua simu ya mama yake, akafungua ukurasa na kuandika Katongo. Halafu, ili asibishiwe tena, akaongeza: "Jina lake halisi ni Rigobert Katongo, kinyozi wa Katuba." Rigobert alikuwa jirani yao, na hakuwahi kuimba hata harusini. Mahali pa chanzo Rachida aliandika "gazeti". Akarudisha simu, akaenda kuosha vyombo.

Siku chache baadaye rapa alitoa wimbo wa kumkejeli tajiri mmoja wa mtaa wa Golf. Watu waliucheka sokoni na kwenye teksi. Kisha kicheko kikakatika, kwa maana ilisemekana tajiri ametuma vijana wamtafute mwimbaji.

Alhamisi mchana gari jeusi lilisimama mbele ya saluni ya Rigobert. Vioo vilifungwa, ingawa jua lilikuwa kali. Hakuna aliyeshuka. Liliondoka, na Ijumaa likarudi palepale. Wateja walipoliona walipita bila kuingia. Mama muuza makala, yaani mkaa, alihamishia magunia yake ng'ambo ya barabara.

"Yaya Rigobert, wanataka nini?" Rachida aliuliza, akimwita kaka mkubwa kwa heshima.

"Sijui, mudogo wangu. Bananipigia simu, wanapumua tu. Leo mmoja amesema, 'Katongo, tunajua mutoto yako anasoma wapi.'"

Rachida alikumbuka alichoandika. Alikimbia nyumbani akafuta ile sentensi, lakini alikuwa amechelewa. Kwenye makundi ya simu maneno yake yalikuwa yakizunguka, tena pamoja na picha ya saluni.

Jumamosi asubuhi kioo cha saluni kilikutwa kimevunjwa. Rigobert alikuwa akifunga mizigo, mkewe akilia kimya huku amembeba mtoto.

Rachida alimfuata baba yake, Papa Alimasi, akamweleza yote. Baba alimpigia simu Madame Edith, akawaita majirani na shefu, kiongozi wa mtaa, kisha akamshika binti yake mkono. Wakaliendea lile gari jeusi, ambalo lilikuwa limerudi mbele ya saluni.

Kioo kilishuka kidogo. Mwanamume mwenye miwani myeusi aliwatazama.

"Ni mimi niliandika," Rachida alisema. "Yaya Rigobert si rapa. Nilidanganya."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilitaka kushinda ubishi shuleni."

Mtu yule alimtazama, halafu akamtazama shefu na watu waliosimama nyuma yake. Kioo kikapanda. Gari lilibaki likinguruma, na hakuna aliyesogea. Mwishowe likaondoka polepole.

Jioni ile Madame Edith alipeleka habari redioni, na rapa mwenyewe akapiga simu kusema kwamba hamjui kinyozi yeyote wa Katuba. Gari halikuonekana tena. Rigobert alifungua mizigo yake, lakini kwa muda mrefu aliruka kila simu ilipolia. Rachida alimwomba msamaha mbele ya wazazi wake, na kila Jumamosi akaenda kufagia saluni.

Kikundi kilipokutana tena, Merdi alileta magazeti. Yote yaliandika Katongo.

"Basi ulikuwa na haki," alisema. "Umeshinda."

Rachida aliinamisha kichwa. Hakuona furaha yoyote.

Madame Edith alikaa karibu naye. "Herufi ulizijua, Rachida. Kama ungesubiri, ungeshinda bila kumuumiza mtu. Lakini ulichukua jina la muntu mwenye nyumba na mutoto, ukalifanya silaha ya ubishi. Unalolijua, liandike na uonyeshe umelipata wapi. Usilolijua, liache. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajalipa kosa lako."

Kisha akamsogezea kompyuta, na Rachida akaandika: Katongo, ambaye jukwaani huandikwa K@TONGO. Chini yake akaweka jina la gazeti, la kweli safari hii.