Sauti Iliyopunguza Dau

Kila mapumziko Bi Zamda alifanya yaleyale. Alikichomoa Kinong'ona sikioni mwa binti yake, akakipuliza, akakifuta kwa ncha ya mtandio, kisha akakirudisha na kuuliza, "Kinasema vizuri?" Safari hii kengele ililia kabla hajamaliza kufuta. Mchezaji wa tatu alikuwa ameishiwa nguvu, amejitoa. Walibaki wawili tu.

"Kinasema vizuri, Mama," Salha alijibu huku akikipachika mwenyewe. "Ninachokichukia ni kile kinachokisema."

Kinong'ona kilikuwa kidogo kama punje ya mtama. Kilisoma karata za mchezaji kupitia miwani yake, kikapima pumzi za mpinzani, kikamnong'oneza mchezaji aweke dau kiasi gani. Bi Zamda ndiye aliyekibuni. Katika mashindano yale ya poka jijini Tanga kila mmoja aliruhusiwa kuja na cha kwake. Zawadi ilikuwa moja, kiti katika chombo cha kwenda Mirihi, safari ya kwenda bila kurudi. Wa pili aliambulia kupewa mkono. Salha alikuwa mhandisi wa maji, na barafu ya Mirihi aliiota tangu akiwa shule.

Roboti mgawaji ilinyoosha mkono wake mwembamba na kutangaza kwamba dau la lazima limepanda tena. Salha alitazama rundo lake la sarafu. Lingetosha kulipia madau ya lazima machache tu, basi.

"Ongeza kidogo," kilinong'ona Kinong'ona.

Akaongeza kidogo. Ombeni, mpinzani wake kutoka Mbeya, akasukuma rundo lake zima katikati ya meza.

"Tupa," kilinong'ona.

Akatupa karata zake. Sarafu zake zikaenda bure.

"Dada, unamega kama panya kwenye mkate!" Ombeni alicheka. "Ukiendelea hivyo nitakuaga kwa heri kabla chai yangu haijapoa."

Ilitokea tena. Ikatokea mara nyingine. Salha aliuma meno mpaka taya likamuuma. Rundo likiwa dogo namna ile, hata mwanagenzi anajua: ama utupe karata zako mapema, ama uweke zote umtishe mwenzako. Kumegamega ni kujichinja polepole. Mashine iliyobuniwa na mama yake ingekosaje kulijua hilo?

Ndipo alipoona. Kilikuwa kinapiga hesabu kana kwamba wa pili naye anapewa kiti. Kilimlinda asitoke haraka, wala hakikujali kama atashinda. Kosa la namna hiyo haliji lenyewe, mtu hulifundisha.

Akapata jozi ya tisa.

"Ongeza kidogo."

Salha alikichomoa, akakiweka mezani. "Zote," alisema, akasukuma rundo lake lote katikati ya meza.

Ombeni alifuata akiwa na ree na saba. Karata tano zikafunguliwa mezani, ree nyingine haikuja, jozi ya Salha ikashinda. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Sasa marundo yalikaribia kulingana, na roboti ikatoa mapumziko mafupi.

Salha alimtafuta mama yake kwa macho. Watu wote walikuwa wamesimama wakipiga makofi. Bi Zamda peke yake alikuwa ameketi, mtandio mdomoni.

"Mama, ulikifundisha nini?"

"Tahadhari, mwanangu. Mitambo hii ina mambo mengi, vigezo vyake..."

"Mama."

"Nilirekebisha vigezo viwili vitatu..."

"Ulipika pilau ya dua mtaa mzima ukala! Ukasimama mbele ya watu ukaniombea safari njema. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje baada ya watu wote hao kula pilau yangu?" Bi Zamda alijaribu kutabasamu, uso ukakataa. "Nikaona bora ushindwe na mashine. Mashine huwezi kuikasirikia miaka mingi."

Roboti iliita jina la Salha. Hakugeuka. Alipiga magoti mbele ya mama yake, hasira zote zikiwa bado zimemjaa kifuani, akasubiri.

Bi Zamda aliuondoa mtandio mdomoni.

"Sitaki uende, Salha," alisema, kwa sauti ambayo hata Ombeni aliisikia. "Sitaki."